Herufi Kumi na Moja

Barua ilikuwa na kurasa nne, na Jorid alizisoma zote akiwa amesimama katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee, kazini kwake, aproni kiunoni, viazi vikichemka nyuma yake. Aliyeiandika ni Ane, yule mtaalamu kijana wa halmashauri aliyekuja shuleni mwezi Agosti kumpima binti yake Tiril. Ukurasa wa kwanza ulimsifu mtoto: mchangamfu, mpole, huwasaidia wadogo kuvaa buti. Wa pili ulijaa majedwali. Wa tatu ndio uliomkata maini. Mwanafunzi anatambua herufi kumi na moja kati ya ishirini na tisa za lugha yetu, ndivyo ilivyoandikwa. Alipopimwa akiwa darasa la tatu, alitambua herufi kumi na moja.

Tiril sasa alikuwa darasa la saba.

Viazi vilifurika, maji yakazima nusu ya jiko, na Jorid hakusikia. Miaka minne, jamani! Miaka minne ya kumwamsha mtoto na baridi, kumvika soksi za sufu, kumfungia mkate wake wa jibini la kahawia, kumsindikiza mpaka kituoni. Na kila alasiri alifungua begi akatoa daftari la mawasiliano, ambamo Gunnvor, msaidizi wa Tiril, aliandika kila siku iendayo kwa Mungu: "Siku nzuri. Tiril amefurahi." Jorid alikuwa akiyasoma maneno hayo akiwa hajavua hata koti, na moyo wake ukitulia. Aliyaamini kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Arnstein, mumewe, alirudi nyumbani saa kumi na moja jioni na lori lake la magogo, ananuka utomvu na dizeli. Alipokuwa anafungua kamba za buti, Jorid alimwekea barua juu ya goti.

"Soma hapo."

"Nisomee wewe, macho yangu leo hayafai."

"Anajua herufi kumi na moja, Arnstein. Na darasa la tatu zilikuwa kumi na moja."

Arnstein akajikuna shingo. "Basi angalau hajasahau hata moja."

Jorid alimkodolea macho mpaka mwanamume akainamisha kichwa.

"Nilikuwa natania tu."

"Najua. Ndiyo kazi yetu humu ndani, kutania."

Tiril alikuwa akipanga sahani mezani, tatu, kila moja na uma wake upande wa kushoto, kazi anayoijua vizuri na asiyokubali kusaidiwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mfupi, mwenye nywele nyeupe kama pamba na miwani iliyofungwa kwa mpira kisogoni.

"Tiril, mama," Jorid akamwita, "leo mmefanya nini shuleni?"

"Siku nzuri," akasema Tiril.

"Najua, mama. Lakini mmefanya nini?"

Tiril akafikiri, akaona sura ya mama yake imekaza, akatabasamu zaidi. "Siku nzuri sana."

Jorid akageukia sufuria. Arnstein ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Sasa unataka kufanya nini?"

"Kesho asubuhi nakwenda shuleni. Na sitapiga simu kwanza."

"Wiki ijayo tunaingia msituni, Jorid."

"Kulungu na herufi vinahusiana vipi?"

Jibu alilijua kila mtu katika bonde lile wanamoishi. Terje, mwalimu mkuu wa shule ya Granli, ndiye pia kiongozi wa kikosi cha wawindaji. Yeye ndiye anayepanga nani akae posti gani kumvizia kulungu, nani aongoze mbwa, nani afyatue. Mwanamume wa pale asiyekuwa kikosini mwezi wa tisa huulizwa kama anaumwa. Babu yake Arnstein alikuwamo, baba yake alikuwamo, na bunduki iliyoning'inia kabatini ilikuwa ya yule babu.

"Mimi sisemi usiende," akasema Arnstein mwishowe. "Nasema nenda polepole."

"Nimekwenda polepole miaka sita."

*

Darasa la saba walikuwa wakisoma wawili wawili, wamekaa sakafuni na kitabu katikati, minong'ono imejaa chumba. Jorid alichungulia kupitia kioo cha mlango. Kiti cha Tiril kilikuwa dirishani, na jina lake juu ya meza kwa rangi alizochora mwenyewe. Juu ya meza hiyo kulikuwa na rundo la kofia za baiskeli, jaketi tatu za mvua na boksi la vitu vilivyookotwa. Hapakukaliwa jana, wala juzi. Vumbi lenyewe lilikuwa shahidi.

Mwalimu alitoka mbio kidogo, kijana mwenye ndevu za kubahatisha. "Tiril yuko chini na Gunnvor," akasema. "Wana raha zao kule."

Wana raha zao! Jorid alishuka ngazi akifuata harufu ya mdalasini mpaka jiko la shule.

"Mama!" Tiril alimrukia, unga mpaka kwenye nyusi. "Umekuja kula?"

Juu ya meza kulikuwa na trei mbili za skonzi za mdalasini, zimekunjwa vizuri, zote saizi moja. Gunnvor alikuwa anapaka mayai juu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na moja, mnene, aliyefanya kazi kiwanda cha maziwa miaka thelathini mpaka kikafungwa, na hakuna mtu bondeni aliyemnenea vibaya. Alipomwona Jorid aliweka brashi chini.

"Leo si Ijumaa," akasema Jorid. Skonzi alizijua. Kila Ijumaa Tiril alipeleka trei chumba cha walimu, na Jorid alikuwa akijivunia hizo skonzi mpaka kazini kwake.

"Si Ijumaa," akakubali Gunnvor. "Jumatatu tunakwenda kuokota kuni, Jumanne tunapeleka barua posta, Jumatano tunaoka. Alhamisi, mvua isiponyesha, tunakwenda kuwaona farasi."

"Na kusoma ni lini?"

Gunnvor alimpa Tiril kitambaa, akamwomba akafute meza za ukumbini. Alingoja mpaka mlango ukafunga.

"Mimi sijui kufundisha, Jorid. Nani amewahi kunifundisha kufundisha? Mimi najua jibini." Alifuta mikono kwenye aproni. "Alikuwapo mwalimu wa elimu maalumu, kwenye karatasi, saa nane kwa wiki. Mwalimu yeyote akipata mafua, yeye anavutwa kwenda kushika darasa. Kuna mwezi alimfundisha Tiril mara mbili. Akachoka, akahama Krismasi. Tangu hapo tupo wawili tu."

"Krismasi? Sisi hatukuambiwa."

"Nilidhani mmeambiwa. Halafu nikajua hamkuambiwa, nikanyamaza. Nilisema, mtoto ana furaha, ya nini kuwaumiza."

"Kila siku unaandika siku nzuri."

"Ni nzuri! Wallahi ni nzuri." Gunnvor alikuwa analia sasa, unga ukifanya matope mashavuni. "Uliza yeyote. Hajawahi kulia hapa hata siku moja. Unadhani mimi simpendi? Niliomba kozi mara tatu. Nikaambiwa wewe una moyo, Gunnvor, moyo haufundishwi."

Jorid alikuja na maneno makali tayari, ameyapanga usiku kucha, na sasa hakuwa na wa kumpa. Alichukua tishu akampa Gunnvor. Alitamani kumchukia, ingekuwa nafuu, lakini utamchukia vipi mtu anayemfunga mwanao mpira wa miwani kwa upole namna ile?

*

Terje alimkaribisha ofisini kwa mikono miwili. Mrefu, sweta la kusuka, sauti ya mtu aliyezoea kutuliza watoto na mbwa. Alimmiminia kahawa kabla hajaketi.

"Nimeisoma barua ya Ane," akaanza. "Nimehuzunika kama wewe."

"Huwezi kuhuzunika kama mimi, Terje."

"Sawa. Nimehuzunika kwa nafasi yangu." Akafungua droo akatoa karatasi sita, akazipanga mezani taratibu. "Lakini nikuonyeshe kitu. Usinichukulie vibaya."

Jorid alizitambua kabla hajazisoma. Kila Novemba halmashauri hutuma dodoso kwa wazazi: umeridhika kwa kiasi gani na masomo, na usalama, na ushirikiano na shule. Kuna visanduku vitano, kutoka sijaridhika kabisa mpaka nimeridhika sana. Na juu kabisa, kwa herufi nene, limeandikwa kwamba halina jina na hakuna atakayejua ni la nani.

"Hilo halina jina," akasema.

"Halina. Lakini linauliza kama mtoto ana msaada maalumu. Shule ina watoto sitini na mmoja, Jorid. Mwenye msaada maalumu ni mmoja." Aliweka kidole juu ya karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. "Nimeridhika sana. Nimeridhika sana. Miaka sita. Mimi ningejuaje? Mwaka juzi uliongeza kwa mkono hapa chini, 'Asanteni kwa yote.'"

Ilikuwa kweli, na mwandiko ulikuwa wake. Alikumbuka hata kalamu.

Sasa watu wa mbali watauliza, mwanamke mwenye akili timamu anatiaje alama hiyo miaka sita? Watu wa mbali hawajui bonde lile. Pale mtu akikukaribisha kahawa iliyopoa, unamwambia imekuburudisha. Kudai zaidi ya mwenzako ni kujiona, na kujiona husamehewa baada ya vizazi viwili. Na Tiril alikuwa tayari anamgharimu kila mtu msaidizi mzima peke yake. Siku moja, kwenye foleni ya duka la ushirika, Jorid alimsikia mwanamke mbele yake akisema paa la ukumbi wa michezo linavuja lakini pesa za msaidizi hazikosekani. Yule mwanamke aligeuka, akamwona, akamwambia kwa tabasamu, "Tiril anazidi kupendeza, eti?" Jorid akasema ahsante. Alirudi nyumbani, na Novemba ile akatia alama sanduku la tano. Alijua kwamba watajua ni yeye. Ndiyo maana alitia.

"Nilikosea," akasema sasa. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Nilikuwa nashukuru. Kushukuru si kuridhika."

"Kwenye karatasi hakuna tofauti."

"Basi mimi nakwambia kwa mdomo. Nataka mwalimu. Mwalimu aliyesomea, hapa Granli, na mwanangu akae kwenye kiti chake pale dirishani."

Terje alipumua. "Nafasi hiyo nimeitangaza mara mbili. Ya kwanza hakuja mtu. Ya pili aliomba mmoja, akauliza uwanja wa ndege uko umbali gani, nikamwambia ukweli, simu ikakatika." Alijaribu kucheka. "Siwezi kumfinyanga mwalimu kwa udongo, Jorid."

"Ungetuambia Krismasi."

Terje aliyakusanya yale madodoso, akayagonga mezani yalingane, akayarudisha drooni.

Jioni ile Jorid aliandika malalamiko kwa halmashauri, kurasa mbili, akamsomea Arnstein. Arnstein alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje kupasua kuni ambazo zilikwisha kupasuliwa.

*

Hakuna aliyemwambia Arnstein neno juu ya malalamiko yale. Hilo ndilo lililomtafuna. Siku ya kwanza ya msimu walikutana alfajiri kwenye kibanda, mbwa wanatweta, watu kumi na wanne wa jaketi za rangi ya chungwa, na Terje akasoma posti kutoka kwenye karatasi. Miaka kumi na tisa Arnstein alikaa ukingo wa mto, pale kulungu wanapovukia. Safari hii alisomewa bwawa la juu, chini ya nyaya za umeme.

"Juu?" akauliza.

"Tunajaribu mpango mpya," akasema Terje kwa upole. "Mwaka huu wote tunazunguka."

Aliyezunguka alikuwa mmoja. Arnstein alikaa bwawani siku nne, maji ndani ya buti, akisikiliza milio ya bunduki kutoka mtoni. Alichokiona ni kunguru wawili. Siku ya nne waligawa nyama kama ilivyo desturi, mafungu yamepangwa juu ya turubai, mzee mmoja amewapa mgongo, na kila fungu likiguswa yeye anataja jina bila kuona. Arnstein alipata fungu lake sawa na wenzake, halikupungua hata mfupa. Watu wa haki, usiwaseme. Kisha wakasimama kunywa kahawa, na duara likajifunga, na yeye akajikuta amesimama na mbwa.

Aliliweka lile fungu juu ya meza ya jikoni, damu ikichuruzika kwenye gazeti.

"Umeniweka bwawani," akamwambia mkewe.

"Si mimi niliyekuweka. Aliyekuweka ni Terje."

"Usinifundishe! Unadhani sijui ni nani?" Ngumi yake ilishuka, lakini iligonga nyama, ikatoa sauti ya kipuuzi. "Miaka kumi na tisa, Jorid. Mimi si mtu wa maneno. Sina klabu, sina kanisa. Nina siku nne kwa mwaka ambazo watu wananipigapiga begani."

"Na Tiril ana ngapi?"

Arnstein alichukua kisu akaanza kutenganisha mfupa, na baada ya kitambo Tiril akaja, akashika sahani ili baba apate pa kuweka. Walifanya kazi hivyo, baba akikata, mtoto akihesabu vipande kwa sauti. "Moja, mbili, tatu, tano." Arnstein alisimamisha kisu.

"Nne, mwanangu. Baada ya tatu ni nne."

"Nne," akasema Tiril kwa furaha, na kipande kilichofuata akakiita moja.

*

Kikao juu ya malalamiko kilifanyika Jumatano ya pili ya Oktoba, chumba cha walimu. Walikuwa watano: Terje, Gunnvor, Ane na kompyuta yake, Jorid, na Arnstein aliyevaa shati la Krismasi. Katikati ya meza kulikuwa na skonzi za mdalasini. Kila mtu alichukua moja kwa sababu ni Tiril aliyezioka, na hakuna aliyeonja.

Terje aliweka mambo wazi, na kwa haki tuseme hakuzunguka. Mwalimu Granli hakuna na hatapatikana mwaka huu. Lakini mjini kuna kitengo maalumu, watoto sita, walimu watatu waliosomea, na nafasi moja imepatikana. Teksi ya halmashauri itamchukua saa moja kasoro kumi asubuhi, mwendo wa saa moja na dakika kumi, na kumrudisha jioni. Anaweza kuanza Jumatatu.

"Ama hivyo, ama abaki kama alivyo," akamaliza.

"Atasoma akienda?" Jorid alimuuliza Ane.

Ane alikuwa msichana mkweli, akawa mwekundu. "Siwezi kuahidi. Angeanza akiwa na miaka minane, ningesema ndiyo bila wasiwasi. Sasa nasema huenda. Lakini hapa, hapa nasema hapana."

"Hapa ni kwao. Amezaliwa na hawa watoto. Barabarani wote wanamwita jina lake."

"Mpaka wote watakapomaliza la saba," akasema Terje. "Mwakani wanakwenda shule ya juu, na kule ni watoto mia tatu."

Ane akakohoa kidogo. Siku hizi mtoto mwenyewe lazima asikilizwe, akasema, na maoni yake yaandikwe. Gunnvor akamleta Tiril, amechanwa nywele, akamkalisha mwisho wa meza. Mbele yake Ane aliweka kadi tatu: ya kijani yenye uso unaocheka, ya njano yenye uso mkavu, nyekundu yenye uso ulionuna.

"Tiril, unaonaje shule yako?"

Tiril hakuziangalia kadi. Aliwaangalia watu. Alianza kwa Terje, aliyekuwa akitabasamu, akaenda kwa Gunnvor, aliyejitahidi kutabasamu, akachukua ya kijani akainyanyua juu.

"Na unajifunza mambo shuleni?"

Akamtazama Terje. Kijani.

"Na una marafiki?"

Kijani, na safari hii akaipiga mezani, na watu wakacheka kidogo kwa sababu ilibidi. Vidole vya Ane vikapita kwenye kompyuta. Jorid aliona maneno kwenye kioo: Mwanafunzi ameridhika. Mtoto hajui herufi, lakini nyuso anazisoma zote, tena upesi kuliko mtu yeyote chumbani mle. Hicho ndicho alichofundishwa miaka sita, na alikifaulu.

Ndipo Arnstein akaegemea mbele.

"Tiril. Rafiki yako ni nani?"

"Gunnvor."

"Ndiyo. Na darasani? Mtoto wa darasani."

Tiril akafikiri. Alifikiri kwa bidii, akifumba macho nyuma ya miwani, mpaka kengele ya mapumziko ikalia na watoto wakamiminika uani chini ya dirisha, kelele tupu. Hakugeuka kuwatazama.

"Gunnvor," akasema.

Gunnvor alisimama akatoka, na wakamsikia huko nje akifungua bomba la maji na kuliacha likimwagika.

"Kwenye sherehe za kuzaliwa wanamwalika," akasema Terje, lakini kwa sauti ya mtu anayejitetea mwenyewe. "Wote wanaalikwa, ndiyo kanuni yetu."

"Anaalikwa," akasema Arnstein. "Mimi ndiye ninayemfuata. Kila mara namkuta jikoni na mama wa mwenye sherehe, anapanguza vyombo." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi ya mjini."

"Arnstein," akasema Jorid. "Hatujaongea."

"Tumeongea mwezi mzima. Wewe ulikuwa na haki, mwenzangu. Ila ulichokuwa unakipigania hapa hakipo. Hakijawahi kuwapo."

Aliandika jina lake pole pole, kwa herufi za mtu asiyezoea kalamu, akamsogezea mkewe. Jorid alimchukia pale pale. Aliwachukia wote, Terje na sweta lake, Ane na kadi zake, wale watoto uani waliolelewa vizuri mpaka wasimpige mwanawe hata kofi. Kuliko wote alijichukia yeye mwenyewe na sanduku lake la tano. Kisha akaandika jina lake chini ya la Arnstein.

"Ile sentensi uifute," akamwambia Ane. "Ile ya kwamba ameridhika."

Ane alimtazama Terje. "Lakini ndicho alichosema," akasema Terje, bila ubaya. Sentensi ilibaki.

Nje mvua ilikuwa ya manyunyu. Arnstein aliwasha gari lakini hakulitoa. Jorid aliketi nyuma na Tiril, akamfunga mkanda, akamwambia kwamba Jumatatu itakuja teksi, yenye redio, na atakwenda shule nyingine, mjini, ambako watamfundisha kusoma.

"Na Gunnvor?"

"Gunnvor anabaki hapa, mama."

Tiril alilitafakari hilo. Midomo yake ilikwenda bila sauti. Alipoelewa, hakulia. Alishika mkono wa koti la mama yake, amejaa wasiwasi, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Nilikosea," akasema.

"Hapana! Hapana, Tiril, hukukosea kitu."

"Nilikosea. Niulizeni tena."

"Mama, hakuna haja..."

"Tena," akasema Tiril. "Niulize."

Kwenye kioo cha mbele Jorid aliona macho ya mumewe, mekundu, hayana msaada wowote. Akafuta uso wake kwa kiganja. "Haya. Unapenda shule yako, Tiril? Hii ya hapa?"

Tiril akamgeukia. Alimkazia macho usoni, kwenye kipaji, kwenye mdomo, akisogea karibu mpaka miwani yake ikapata ukungu. Jorid alijaribu kuufanya uso wake usiseme lolote, na hakujua uso wa namna hiyo unafanywaje.

"Siipendi," akasema Tiril.

Akangoja. Kisha akaanza kutabasamu, kidogo kidogo, kwa matumaini.

"Nimepata?" akauliza.